Turbaini ambayo haijawahi kujengwa

Kuna turbaini moja ya upepo ya megawati 5 ambayo haijawahi kujengwa popote duniani. Huwezi kwenda kuiona wala kupiga nayo picha, lakini kila anayesoma mambo ya umeme wa upepo wa baharini anaijua, na wengi wetu tumeishi nayo miaka. Mapanga yake yanachora duara la mita 126, kitovu kiko mita 90 juu, upepo ukifika mita 11.4 kwa sekunde inakuwa imeshafika nguvu zake zote. Iliandikwa kwenye ripoti ya mwaka 2009 na watafiti wa NREL, wakati huo maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani kule Colorado, na walichofanya ni rahisi kukisema ila ni kikubwa sana: walikusanya taarifa zilizokuwa wazi za mashine za kweli, wakajaza mapengo kwa mahesabu, wakatoa turbaini kamili ya kwenye karatasi, uzito wa panga, ugumu wa mnara, kontrola yake, yaani mfumo unaoiongoza mashine, kila kitu, wakasema haya chukueni, bure.

Kwa nini hii ni ishu? Kwa sababu makampuni yanayotengeneza turbaini hayatoi siri zao. Ukiwa mwanafunzi ukaomba umbo la panga la mashine halisi hupati, na profesa wako naye mara nyingi hapati, au akipata anakuwa ameshasaini makaratasi yanayomzuia kukuonyesha. Bila hiyo turbaini ya NREL kila chuo kingekuwa kinahesabu mashine yake kivyake na hakuna ambaye angeweza kusema jibu la fulani ni sahihi au la. Ilipotoka, mwanafunzi wa masta pale chuo cha Delft, Uholanzi, na injinia mwenye miaka 30 kazini wakawa wanaongelea mashine ile ile, kwa namba zile zile. Mwaka 2020 ikaja ya megawati 15, chini ya IEA, shirika la kimataifa la nishati, duara la mita 240, nayo bure vilevile, na Chuo Kikuu cha Maine wakaichorea jukwaa lake la kuelea wakalitoa wazi pia.

Hilo ndo ninalotaka kuliongelea leo. Kwenye fani hii ukuta kati ya mwanafunzi na mtaalamu ni mwembamba kuliko fani yoyote nyingine ya uhandisi ninayoijua, na kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki hiyo ni nafasi ambayo naona tunaipita tu.

Mimi nimekulia Tanga, sasa hivi niko Trondheim, Norwei, na kazi yangu ni kuangalia namna turbaini zinazoelea zinavyocheza na mawimbi na upepo kwa pamoja. Watu wa nyumbani wakisikia wanauliza swali la haki kabisa: kwani kuna haja gani ya kuielesha, si uchimbie nguzo chini kama za gatini? Jibu ni kina. Turbaini za baharini ambazo zimejaa pale Bahari ya Kaskazini nyingi zimesimama kwenye nguzo zilizopigwa kwenye sakafu ya bahari, na hiyo inalipa mpaka kina cha kama mita 60 hivi, ukizidi hapo chuma kinakuwa kingi mno na gharama inakukimbia. Tatizo ni kwamba inakadiriwa kama asilimia 80 ya upepo wa baharini duniani uko juu ya maji yenye kina kuzidi hapo. Norwei yenyewe, Japani, Ureno, pwani ya magharibi ya Marekani, kote huko ukitoka ufukweni kidogo tu bahari inazama. Wala wazo si la jana, mwaka 1972 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts anaitwa William Heronemus, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani, alishapendekeza turbaini zinazoelea baharini. Ilichukua karibu miaka 40 mtu kuweka ya ukubwa wa kweli.

Hiyo ya kweli ilikuwa Hywind Demo, mwaka 2009, megawati 2.3, pwani ya Karmøy hapa Norwei, kazi ya Statoil ambayo siku hizi inaitwa Equinor. Watanzania jina hilo wanalijua, ndo hao hao wenye gesi ya kina kirefu kwenye Kitalu namba 2 huko kusini kwetu. Hywind ni aina inayoitwa spaa: silinda ndefu nyembamba inayosimama wima ndani ya maji, chini kabisa imejazwa farumi, yaani mzigo wa kuituliza, kwa hiyo uzito uko chini na kitu kizima kinakataa kulala. Modeli ya spaa tunayoitumia kwenye utafiti, OC3-Hywind, inazama mita 120 chini ya maji na ina uzito wa kama tani 7,466, hapo bila turbaini. Aina ya pili ni ile ya nguzo tatu au nne zilizoachana, na hii mtu wa pwani haitaji kuelezwa sana, ni akili ya ngalawa na mirengu yake, usalama unatoka kwenye upana. WindFloat ya Ureno ni ya ukoo huu. Ya tatu imefungwa kwa kamba zilizokazwa wima mpaka chini, jukwaa linataka kupanda juu na kamba zinalikatalia. Na kuna bapa kama tishari. Kila moja ina watu wake wanaoitetea na sitaki kuingia kwenye ugomvi huo leo.

Ninachotaka kukaa nacho ni kitu kimoja ambacho ndo kilichonifanya niipende kazi hii, na nadhani kinaonyesha vizuri kwa nini utafiti unahitajika na haitoshi tu kuchukua turbaini ya nchi kavu ukaipandisha kwenye boya.

Turbaini ya kisasa upepo ukizidi kiwango chake inageuza mapanga ili yashike upepo kidogo, isije ikazunguka kupita kiasi. Maana yake, katika upepo mkali, upepo ukiongezeka ule msukumo unaoisukuma mashine kwa nyuma unapungua. Nchi kavu hilo halina shida. Sasa ipandishe juu ya kitu kinachoelea. Wimbi linaipiga, mnara unainama mbele kuuelekea upepo. Kwa vile unakwenda kukutana na upepo, mapanga yanahisi upepo mkali zaidi, kontrola inaona spidi inataka kupanda, inageuza mapanga, msukumo unapungua, na msukumo huo ndo ungekuwa unairudisha mashine nyuma. Kwa hiyo inazidi kwenda mbele. Ikifika mwisho ikaanza kurudi, mapanga yanahisi upepo umepungua, kontrola inayarudisha yashike zaidi, msukumo unaongezeka, mashine inasukumwa nyuma kwa nguvu zaidi. Mzunguko baada ya mzunguko mtikisiko unakua badala ya kufa, yaani kontrola ambayo kazi yake ni kulinda mashine inageuka kuwa ndo inayoibembeza mpaka iumie, na hakuna kilichoharibika, kila kifaa kinafanya kazi yake sawasawa kabisa!

Nilipoielewa hii mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda, ni tatizo zuri mno. Dawa ya kwanza iliyopatikana ni kuipunguza kontrola kasi. Ile spaa inanesa mbele na nyuma mara moja kila sekunde kama 30, ambayo kwa lugha ya kontrola ni radiani 0.21 kwa sekunde. Kontrola ya nchi kavu ya turbaini ya NREL imewekwa kwenye 0.6. Wakaishusha mpaka 0.2, chini kidogo tu ya mdundo wa spaa, ili isiwahi kuuitikia mneso wa jukwaa. Ikatulia. Lakini hakuna cha bure, kontrola ikiwa nzito hivyo spidi ya mapanga inayumba zaidi na umeme unaotoka unakuwa haujanyooka. Kwa hiyo mpaka leo watu wanaandika tasnifu juu ya jambo hilo hilo, wengine wanaweka kihisio cha kupima mwendo wa kichwa cha mnara na kuipelekea kontrola, wengine wanatumia laida, kifaa cha miale ya leza kinachopima upepo kabla haujafika. Yangu mwenyewe ya masta ilikuwa kwenye uwanja huu.

Halafu kuna upande wa tangi la mawimbi, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndo pametokea somo ambalo nalipenda kuliko yote.

Huwezi kujenga mashine ghali kama hii bila kuijaribu, kwa hiyo unatengeneza modeli ndogo. Tuseme moja kwa hamsini. Wimbi la mita 10 linakuwa sentimita 20. Muda nao unapungua, kwa kipeuo cha pili cha hamsini, kwa hiyo wimbi la sekunde 10 linakuwa la sekunde 1.4. Uzito unagawanywa kwa 125,000, ile spaa ya tani elfu saba na ushee inakuwa kama kilo 60, watu wawili wanaibeba. Hizo ni kanuni za Froude, wajenzi wa meli wamezitumia miaka zaidi ya 100 na kwa maji zinafanya kazi. Shida ni upepo. Maji ya mawimbi yanatawaliwa na mvutano wa dunia, lakini hewa inayopita juu ya panga inatawaliwa pia na unato wake, yaani ile hali ya kunata, na unato hukuupunguza, hewa ya kwenye maabara ni hii hii tunayovuta. Panga dogo lenye umbo sahihi kabisa, ukilipulizia upepo uliopunguzwa kwa kanuni za Froude, halifanyi kazi kama panga kubwa.

Mwaka 2011 kundi la DeepCwind, likiongozwa na Chuo Kikuu cha Maine, lilipeleka modeli tatu kwenye tangi la MARIN, taasisi ya utafiti wa mambo ya bahari, pale Wageningen, Uholanzi: spaa, ya nguzo tatu, na ile ya kamba zilizokazwa, zote kwa kipimo cha moja kwa hamsini na zote zimebeba ile turbaini yetu isiyokuwepo. Mapanga yalitengenezwa kwa umbo lile lile lililopunguzwa. Msukumo ukawa mdogo kuliko ulivyotakiwa, ikabidi waongeze upepo ili kuufidia. Wakarudi mwaka 2013 na mapanga mapya yenye umbo tofauti kabisa, mapana zaidi, ambayo hayafanani na ya kweli kwa sura ila yanafanana kwa msukumo, na hapo data ikawa nzuri. Na hizo data zote, zile zenye kasoro na zile nzuri, zimekuja kutumiwa na watu wa vyuo kibao ambao hawajawahi kukanyaga Wageningen. Hapa Trondheim, kwenye tangi la taasisi ya utafiti ya SINTEF Ocean, watafiti wakaja na njia nyingine: hamna upepo wa kweli wala mapanga, kuna nyuzi nyembamba zinazoivuta modeli, na kompyuta inapiga hesabu papo kwa papo upepo ungesukuma kiasi gani, nyuzi zinavuta kiasi hicho. Mawimbi ya kweli, upepo wa kwenye programu.

Programu zenyewe nazo zinapimwa, na hii ndo sehemu ya uaminifu wa fani ambayo natamani ingekuwepo kila mahali. Chini ya IEA kulianzishwa mfululizo wa miradi, OC3, OC4, OC5, OC6, ambapo vyuo na makampuni ya nchi nyingi wanachukua jukwaa moja, kila mtu anaendesha programu yake, halafu majibu yote yanawekwa kwenye grafu moja hadharani. Fikiria kampuni inayouza programu kwa pesa nyingi inakubali mstari wake uonekane pembeni ya mstari wa chuo. Kwenye OC5 waliposhindanisha programu na data ya tangi ya lile jukwaa la nguzo tatu, ilionekana programu kwa wastani zinakadiria chini mizigo, yaani nguvu zinazolielemea jukwaa, kwa kama asilimia 20. Ishirini! Kwenye kitu ambacho kinatakiwa kikae baharini miaka 25. Chanzo kikubwa kilikuwa ile mineso ya polepole ambayo mawimbi yanaiamsha kwa njia zisizo za moja kwa moja, na OC6 ikaanzishwa kuichimba hiyo hasa. Walichapisha. Hawakuficha chini ya zulia.

Sasa turudi kwa wanafunzi. Jason Jonkman wa NREL, ambaye jina lake liko kwenye nusu ya vitu nilivyovitaja hapa, tasnifu yake ya PhD ya mwaka 2007 ndo ilikuwa ya kuunganisha upepo, mawimbi, kontrola na minyororo kwenye hesabu moja, akiiongezea programu ya FAST iliyokuwepo tayari, ambayo leo imekuwa OpenFAST, iko wazi, mtu yeyote anapakua. Modeli maarufu ya lile jukwaa la kamba zilizokazwa, MIT/NREL TLP, asili yake ni tasnifu ya masta ya mwanafunzi wa MIT. MoorDyn, ambayo ndo inapiga hesabu za minyororo na kamba za nanga ndani ya OpenFAST, ilianzishwa na Matthew Hall alipokuwa mwanafunzi wa PhD pale Maine. Hivi si vitu vya kupamba rafu ya maktaba, ni vitu ambavyo mainjinia wa makampuni wanavifungua kila siku asubuhi. Na kila mwezi wa kwanza hapa Trondheim kuna kongamano la EERA DeepWind, nje ni barafu tupu, ndani mwanafunzi amesimama mbele ya bango lake na anayemuuliza maswali anaweza kuwa ndo mtu aliyeandika kitabu anachokisoma. Wanauliza kwa kutaka kujua, na ukisema kitu chenye maana wanaandika kwenye daftari.

Baharini kwenyewe mambo yamekwenda pia, sitakaa sana hapo. Hywind Scotland, mashine 5 za megawati 6 karibu na Peterhead, ilianza 2017 na kwa miaka mitano ya mwanzo ilitoa wastani wa karibu asilimia 54 ya uwezo wake, ambayo ni namba ya kupendeza sana kwa upepo. Kincardine karibu na Aberdeen ni kama megawati 50. Hywind Tampen ina mashine 11, megawati 88, kilomita kama 140 kutoka nchi kavu, kwenye kina cha mita 260 mpaka 300, na umeme wake unaenda kwenye majukwaa ya mafuta na gesi ya Snorre na Gullfaks, jambo ambalo watu wanabishana nalo na wana haki ya kubishana. Kuna na ambazo hazikudumu, Japani waliweka turbaini tatu mbele ya Fukushima baada ya lile janga la 2011, nia ilikuwa njema mno, na baadaye zote zikaondolewa.

Ila kuna jambo moja la baharini ambalo linaniuma kichwa kwa sababu utafiti wake bado mchanga: matengenezo. Ile ya kwenye nguzo ikiharibika kitu kikubwa, meli inakuja, inashusha miguu chini, winchi inafanya kazi imesimama imara. Kwenye maji ya mita 200 hiyo meli haipo, na winchi inayoelea kukutana na mnara unaoelea ni shughuli nyingine. Kwa hiyo mashine inakatwa nyaya, inafunguliwa nanga, inavutwa mpaka bandarini. Mwaka 2022 moja ya Kincardine ilivutwa mpaka Rotterdam. Mwaka 2024 zote tano za Hywind Scotland zilivutwa kuvuka bahari mpaka Norwei kwa matengenezo makubwa, kisha zikarudishwa. Kila siku bandarini ni siku bila umeme. Mtu atakayepata njia nzuri ya kubadilisha beringi kubwa au panga pale pale baharini atakuwa ameshusha bei kuliko yeyote anayechora jukwaa jipya, huo ni mtazamo wangu na niko tayari kuutetea.

Haya, na kwetu? Nitasema ninavyoona. Kati ya Unguja na bara maji si ya kina sana lakini kati ya Tanga na Pemba mkondo unashuka mamia ya mita, kwa hiyo kama siku moja tutaweka turbaini upande ule itabidi ielee. Upepo wetu ni wa msimu, kaskazi na kusi, na unazidi nguvu kadri unavyopanda kuelekea Somalia, kule kusi ya mwezi wa sita mpaka wa nane ni upepo wa kutisha kweli. Kuanzia Lamu kushuka Mtwara haufikii Bahari ya Kaskazini. Halafu nchi kavu bado tuna upepo rahisi zaidi, Wakenya wameshaonyesha pale Ziwa Turkana kwa turbaini 365 na megawati 310. Kwa hiyo sisemi tukimbilie kuelesha mitambo kesho. Ninachosema ni kwamba ujuzi huu hausubiri mitambo ifike. Nanga, minyororo, kontrola, uchovu wa chuma, mawimbi ya kusi, vyote hivi vinahitajika bandarini, kwenye gesi, kwenye maboya ya kushushia mafuta. Na mwanafunzi wa uhandisi pale Dar es Salaam, Mombasa au Kampala mwenye laptop ya kawaida anaweza kuendesha modeli ile ile ninayoiendesha mimi hapa, faili kwa faili.

Wadogo zangu mnaoniuliza inbox muanzie wapi, anzeni hivi. Pakua OpenFAST pamoja na mifano yake ya majaribio, ndani utaikuta ile spaa ya OC3, ya nguzo tatu, bapa na ya kamba zilizokazwa, zote zimebeba turbaini ya megawati 5. Chukua spaa. Zima upepo, zima mawimbi, iinamishe digrii chache halafu iachie, upime inanesa kwa sekunde ngapi, ukiona kama 30 uko sawa. Kisha weka mawimbi peke yake, kisha upepo peke yake, usikimbilie kuchanganya. Ukishazoea, weka upepo wa mita 16 kwa sekunde na kontrola yake ya OC3, hifadhi grafu, halafu toa kontrola hiyo weka ile ya nchi kavu na uendeshe tena bila kubadilisha kitu kingine chochote. Ziweke grafu mbili za mneso wa jukwaa pamoja, uone ile ya pili inavyokua, kisha niandikie uniambie kwa maneno yako mwenyewe ni nini kinaisukuma.